Kontena Lililotangazwa Kuwa Mwezi

Nchi yenyewe siitaji. Siyo kwamba naogopa. Naogopa kidogo tu. Ila ukikutana na mimi barabarani usiniulize, "Ile ni nchi gani?" Nitakwambia iko mbali sana, wana bendera yao, wana hamsini zao, na kwetu hapa mambo kama yale hayapo kabisa.

Basi huko mbali, Rais wao siku moja alikuwa anaangalia taarifa ya habari, akaona nchi jirani wanazungumza habari za kwenda kuishi mwezini. Jirani! Watu ambao kila mwaka wanaazima jukwaa la kusherehekea uhuru wao! Rais akaita baraza la mawaziri, akauliza, "Sisi kwenye hili la mwezi tuko wapi?"

Mawaziri wakaangalia meza. Mmoja, Mheshimiwa Dokta Nyamwihula, akasimama akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Rais, tuko katika hatua za mwisho."

Hatua za mwisho za nini, hakuna aliyeuliza. Kule ukishasema hatua za mwisho umemaliza kazi. Rais akafurahi, akamuundia wizara palepale: Wizara ya Ardhi, Mwezi na Maendeleo ya Makazi. Na udaktari wake usije ukadhani ni wa sindano. Alipewa na chuo kimoja kwa kuwahi kufika kwenye mahafali.

Agizo la kwanza la wizara likawa kwamba kila mkoa uanzishe programu yake ya mafunzo ya wanaanga, ili makazi ya mwezini yakianza yasije yakajaa watu wa kanda moja. Weee! Kabla hata hatujajua roketi inafananaje, fujo zikaanza. Wafugaji wakatuma ujumbe kuuliza malisho. Wakulima wakasema, wafugaji wakienda, sisi hatuendi. Wizara ya Uvuvi ikasikia kule juu kuna sehemu inaitwa Bahari ya Utulivu, ikaandaa nyavu na leseni. Mtu mmoja wa kuwaelewesha alikuwepo, lakini alikuwa likizo.

Mkoa wetu, samahani, mkoa wao mmoja unaoitwa Lukungwi, nao ukapata programu. Nasema "wetu" kwa sababu nilikuwa huko matembezini. Mimi, mama yangu, dada yangu na nyumba yetu.

*

Mratibu wa Anga wa Mkoa alikuwa Bwana Mwaisumo. Huyu kabla ya hapo alikuwa afisa mifugo, na alikuwa mzuri kweli kwenye mifugo. Mkuu wa Mkoa alipoambiwa ateue mtaalamu wa viumbe vinavyosafirishwa mbali, akamuona yeye.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kusema tu "tunamshukuru Mungu". Nikawa nyumbani. Nakaa kwenye kiti hiki, nahamia kile, narudi hiki. Mama akasema, "Nikikukuta tena kwenye hicho kiti nakuuza nacho." Nikaenda kwenye usaili.

"Unaogopa urefu?" Bwana Mwaisumo akaniuliza.

"Siogopi, mzee."

"Ulishawahi kupanda juu ya nini?"

"Paa la shule."

"Kufanya nini?"

"Kukimbia kipindi cha hesabu."

Akamgeukia mwenzake akasema, "Huyu ana uzoefu."

Ndivyo nilivyoingia. Mafunzo yakaanza. Tulipimwa uzito kwenye mzani wa mnadani, wa ng'ombe, tena mmoja mmoja tukipitishwa kwenye kile kichochoro cha mbao, na jamaa mmoja nyuma anatusukuma na fimbo kwa mazoea. Tukatobolewa sikio tukavalishwa hereni za plastiki za njano zenye namba. Kisha tukapitishwa kwenye josho.

"Mratibu, josho la nini tena?" nikamuuliza nikiwa nimelowa dawa hadi kope.

"Unataka tupeleke kupe mwezini, kijana? Dunia itatuelewaje?"

Nikafuta kope nikarudi foleni. Hata wewe ungerudi.

Kofia zetu za anga zilikuwa za bodaboda. Nguo alizishona fundi wa sokoni kwa turubai, akatia na lesi shingoni kwa sababu hajawahi kushona kitu bila kutia lesi. Somo kubwa lilikuwa kutembea. Mwezini, tulifundishwa, mtu anatembea polepole sana, ananyanyua mguu kama anafikiria, anauweka kama ameghairi. Maofisa wa halmashauri walikuja kushuhudia. Mmoja akasema wafanyakazi wake hilo somo hawalihitaji, wameshafuzu.

*

Siku ya uzinduzi sasa. Hapa ndipo mambo yalipoharibika, kwa hiyo tega sikio.

Uwanjani palikuwa na kontena. Lile la chuma la kusafirishia mizigo, refu, limepakwa rangi ya fedha, ndani limemwagwa kokoto na vumbi la kwenye machimbo. Lilikuwa la mazoezi. Sisi wanaanga tulitakiwa tuingie, tutembee ule mwendo wetu wa kughairi, watu wapige makofi, tutoke tukale.

Tulikuwa wanne, vijana watupu. Bwana Mwaisumo akahesabu, akashika kichwa.

"Jinsia! Mungu wangu, tumesahau jinsia! Waziri atanila nyama!"

Wakati huohuo anapita dada yangu, Mwanamvua. Alikuja kunipima shingo. Alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ileile, na fundi alikuwa anasubiri vipimo vyangu vya shati la sare. Ana futi ya kushonea shingoni, ana mfuko wa karanga mkononi. Bwana Mwaisumo akamwona kama mtu anavyoona gari la mwisho.

"Binti, ingia humo kidogo."

"Humo nina shida gani?"

"Dakika mbili tu. Unapiga picha na Waziri."

Akatupa kijana mmoja nje, akamtia dada, akambana hereni ya sikio juu ya hereni yake ya harusi. Dada akasema, "Dakika mbili kweli lakini, nina hina ya kupaka."

Bendi ikalia. Shemeji yangu mtarajiwa, Shomvi, alikuwa kwenye ile bendi ya kupokelea viongozi. Yeye ndiye anayepuliza tarumbeta lile kubwa linalomzunguka mtu kama chatu aliyemaliza kula. Alipomwona mchumba wake amevaa kofia ya bodaboda mlangoni pa mwezi, akapuliza noti ambayo haikuwepo kwenye wimbo.

Waziri Nyamwihula akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi wa Lukungwi! Itifaki imezingatiwa! Wako watu wanasema mwezi uko mbali. Nawauliza, nani kapima?"

"Hakunaaa!" watu wakaitikia.

"Serikali yenu sikivu imesogeza shule karibu na wananchi. Haikusogeza?"

"Imesogezaaa!"

"Ikasogeza zahanati. Leo tunausogeza mwezi! Kwa nini mwananchi mnyonge apande roketi, atapike, aache shamba lake, wakati mwezi unaweza kumfuata alipo? Kwa mamlaka niliyopewa, kuanzia dakika hii, natamka na kutangaza kwamba ndani ya kontena hili ni mwezini!"

Makofi. Vigelegele. Ile ilikuwa hotuba tu, kila mtu anajua hotuba. Tatizo ni simu. Simu ya Waziri ikaita, akaangalia jina, akakaza tai, akaiweka kwenye kipaza sauti.

"Nakuona mubashara hapa," ikasema sauti ya Rais. "Kwa hiyo tumefika?"

Waziri akaliangalia kontena sekunde moja. Mtu mwaminifu angetumia ile sekunde vizuri.

"Tumefika, Mheshimiwa Rais! Tena kabla ya muda uliopangwa!"

"Hongereni sana. Nchi ya kwanza kwenye kanda yetu kufika mwezini. Nawatangazia hapa hapa: kesho mapumziko."

Uwanja ukalipuka. Ndani ya kontena tukapeana mikono, maana na sisi tulikuwa hatujui kama tumeshafika.

*

Waziri akaondoka na msafara wake. Dada akavua kofia, akakung'uta vumbi la mwezi, akasogea mlangoni. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ule wa kontena wa mabawa mawili. Kilichokuwepo ni utepe tu umefungwa huku na huku. Akauinua apite.

"Dada, dada, dada," akasema askari aliyewekwa pale. Tulimwita Afande Kilumbi. "Unatokea wapi?"

"Humu ndani."

"Humu ndani ni wapi?"

"Kwenye kontena, Afande. Si unaniona?"

"Rais kasema ni wapi?"

Dada akaangalia huku na huku. "Kasema mwezini."

"Wewe unasema Rais muongo?"

"Mimi? Hata kidogo."

"Basi unatoka mwezini unaingia nchini. Pasipoti."

"Afande, mimi nimekuja hapa na mfuko wa karanga!"

"Na hizo karanga umezitoa nchini bila kibali. Mimi nimenyamaza kwa sababu nakuheshimu."

Dada akacheka. Mimi nikacheka. Afande Kilumbi hakucheka. Akavuta kiti akakaa upande wa pili wa utepe, na jioni ileile wakaja watu wa uhamiaji na meza, wakaja wa forodha na meza kubwa zaidi.

Chakula tulipata. Mama alikuwa anatuletea, ila wali ulikuwa unapita forodhani kama bidhaa inayouzwa nje, na kila ukipita nyama zinapungua. Kwenye taarifa ya habari ikawa kila siku tupo: nchi imepeleka watu mwezini, mmoja wao mwanamke, wote wana afya njema. Wale vijana wenzetu wawili hawakujali. Walikuta kokoto zimelala vizuri, wakalala. Wao hata nyumbani walikuwa hawana kiti.

Dada ndiye aliyekuwa anazunguka. Anahesabu kwa vidole siku zilizobaki kufika Jumamosi. Kuna saa akakaa juu ya ndoo akaniambia, "Mdogo wangu, silii. Ila nikianza kulia usiniangalie."

*

Mama akaenda kwa Mkuu wa Mkoa. Mheshimiwa Mwinyikondo alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na aliipenda ile sauti kuliko sisi wote. Akaja mwenyewe hadi kwenye utepe.

"Mheshimiwa," Mama akamwambia, "mwanangu anaolewa Jumamosi. Mfungulie atoke."

"Mama yangu, mlango si uko wazi?"

"Basi atoke!"

"Atatokaje? Kwa miguu? Mama, fikiria kidogo. Mtu anatoka mwezini anatembea kwa miguu yake mpaka sokoni, mataifa yatasema nini? Lazima arudi na chombo. Zabuni ya chombo cha kurudia tumeshaitangaza. Tuko kwenye hatua za mwisho."

Mama aliposikia hatua za mwisho akakaa chini mchangani. Alikuwa mwenyeji, anajua maana yake.

"Kwani harusi haiwezi kusogezwa?" Mheshimiwa akauliza kwa upole. "Mwaka wa fedha ujao, kwa mfano?"

Sasa pale pembeni alikuwepo Bi Kidawa, shangazi yake Shomvi. Mwanamke mmoja mrefu, anaongea na watu akiwa anaangalia juu ya vichwa vyao. Tangu mwanzo Bi Kidawa alikuwa anamtaka binti wa shoga yake, wa kwetu hakumtaka.

"Sisi hatusogezi," akasema. "Kadi zimeshatoka. Ukumbi ni Jumamosi, mpishi ni Jumamosi. Jumamosi ikifika bibi harusi hayupo duniani, sisi tunaye wa akiba. Amekaa nyumbani kwao, hana mambo ya sayari."

"Shangazi!" Shomvi akapiga kelele.

"Nyamaza. Mwanamke wa kuolewa hapatikani kwa darubini."

Mama na Bi Kidawa nusura washikane. Afande Kilumbi ikabidi aache mwezi wake akawatenganishe, na kwa ile dakika dada angeweza kukimbia kabisa. Nikamwambia, "Sasa! Toka!" Akatikisa kichwa.

"Nitoke niende wapi? Niolewe nikiwa mhamiaji haramu?"

Shomvi akaja akachuchumaa kwenye utepe. Tarumbeta lake bado liko mwilini, hajalivua.

"Mwanamvua."

"Abee."

"Usimsikilize shangazi."

"Simsikilizi. Ila Jumamosi ni keshokutwa, na yule wa akiba ana meno mazuri, nilishamwona."

"Mimi sitaki meno."

"Basi tafuta njia, Shomvi. Mwanaume gani anashindwa kufika mwezini na mlango uko wazi?"

*

Njia aliipata dada mwenyewe, akiwa anatafuna karanga za magendo.

"Hivi," akasema, "umeshawahi kusikia Mkuu wa Mkoa amekataa kuwa mgeni rasmi?"

Nikafikiria. Sikuwahi. Wala hakuna aliyewahi. Kule, na nasisitiza ni kule, shughuli bila mgeni rasmi haijatokea, hata kama watu wamekula na kuimba. Na kiongozi akisikia neno mgeni rasmi, miguu inaanza kutembea kabla ya kichwa. Mheshimiwa Mwinyikondo alikuwa ameshakuwa mgeni rasmi kwenye ufunguzi wa kreti la soda. Alishakata utepe wa mti uliokuwepo tangu enzi za ukoloni. Alishazindua mvua.

Shomvi akatumwa. Akaenda na suti ofisini kwa Mheshimiwa, akainama.

"Mheshimiwa, familia zinakuomba uwe mgeni rasmi. Harusi ya kwanza mwezini."

Mheshimiwa akaweka kikombe chini. "Mwezini?"

"Ya kwanza tangu kuumbwa kwake."

"Hebu rudia."

"Tangu kuumbwa kwake, Mheshimiwa. Lakini kama una ratiba nyingi, Mkuu wa Mkoa wa jirani ameonyesha nia."

"Yule?" Mheshimiwa akasimama. "Yule hajui hata kukata utepe! Anashika mkasi kama anakata kucha! Nani kampa habari hizi? Jumamosi saa ngapi?"

*

Jumamosi, bwana. Zulia jekundu kutoka kwenye gari hadi mlangoni. Mkasi kwenye sinia, juu ya kitambaa, umeshikwa na binti aliyekatazwa kucheka. Mheshimiwa akakata ule utepe, akainua vipande viwili kamera zione, akaingia mwezini kwa mguu wa kulia. Nyuma yake msajili wa ndoa, Mama, Bi Kidawa na pua yake, Bwana Mwaisumo, bendi nzima, masufuria. Tulibanana mle hadi wale vijana waliolala wakaamka, wakauliza ni kijiji gani.

Afande Kilumbi, mtu wa kazi, watu walipokwisha kuingia akatoa utepe mpya mfukoni akafunga.

Ndoa ikafungwa. Dada alivaa gauni lake jeupe, miguuni raba kwa sababu ya kokoto, sikioni namba yake ya njano imening'inia.  Msajili alipomuuliza Shomvi kama anaridhia, akajibu kabla swali halijaisha. Mama akapiga kigelegele kimoja, na mle ndani ya chuma kikarudi kama vigelegele kumi. Bi Kidawa akala pilau. Alisema chumvi imezidi, lakini alikula.

Mheshimiwa akahutubia. Alihutubia hadi jua likahama upande wa pili wa kontena. Alisema anaona mbele yake watoto wa mwezini, shule za kata za mwezini, na stendi ya kisasa. Akamaliza, akapigiwa makofi, akaelekea mlangoni akajifute jasho nje.

"Mheshimiwa," akasema Afande Kilumbi, mikono imebana mapajani. "Samahani sana. Unatokea wapi?"

"Kilumbi, ni mimi."

"Nakujua, Mheshimiwa, ndiyo maana natetemeka. Pasipoti."

"Unanichekesha."

"Na kibali cha kusafiri nje, Mheshimiwa. Rais amezuia viongozi kutoka nje ya nchi bila kibali chake. Wiki iliyopita katumbua watatu kazini, mmoja alikuwa amevuka mpaka kununua ndizi."

Mheshimiwa akaangalia mguu wake wa kulia. Akaangalia kokoto. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliziona. Hapohapo simu yake ikaita, na kwa jinsi alivyonyooka tukajua nani anapiga.

"Mwinyikondo, uko wapi?"

"Niko... niko mkoani kwangu, Mheshimiwa Rais!"

"Mbona unavuma kama uko ndani ya pipa? Nimeambiwa kuna kiongozi wangu yuko mwezini anakula pilau. Nitampigia tena baada ya dakika tano anijibu vizuri."

Simu ikakatika. Mheshimiwa alikaa juu ya spika. Sauti nzuri yote imekwisha, imebaki ya kuombea dawa.

"Nikisema hapa siyo mwezini, nimemwita Rais muongo. Nikisema ni mwezini, nimetoroka nchi. Nina watoto, jamani. Nina kuku."

Bwana Mwaisumo akapendekeza Mheshimiwa apitishwe josho, hakuna aliyemsikiliza. Dada Mwanamvua ndiye aliyekuja na gauni lake, akamwinamia kwa adabu.

"Mheshimiwa, kwani mwezi unakaa sehemu moja?"

"Unasemaje, binti?"

"Mwezi si unatembea? Leo uko huku, kesho kule. Hata mtoto mdogo anauona unahama. Waziri alisema mwezi uko humu. Ni kweli, siku ile ulikuwemo. Sasa mimi naona kama umeshatoka."

Mheshimiwa akainua kichwa kidogo kidogo. "Umetoka umeenda wapi?"

"Hapo nje."

Nilimwona akipata rangi. Akasimama, akavuta koti, sauti ikarudi yote na chenji juu.

"Ndugu wananchi! Itifaki imezingatiwa! Wataalamu wangu wamenithibitishia kwamba mwezi, kwa tabia yake ya asili ya kuzunguka, umehama. Natamka kwamba ndani ya kontena hili ni Dunia, ni nchi yetu, na mimi niko kituoni kwangu nachapa kazi! Huko nje kote, mkoa mzima wa Lukungwi, ndiko mwezini!"

Afande Kilumbi akatazama chini ya buti zake.

"Na wewe Kilumbi," Mheshimiwa akamwambia, "nani kakuruhusu kwenda mwezini?"

"Mheshimiwa, mimi nilikuwa nimesimama tu hapa!"

"Umesimama nje ya nchi. Na meza!"

Kilumbi akaanza kulia, anaomba arudishwe duniani, ana mke. Watu wa forodha wakaingiza meza zao ndani mbio, na uhamiaji nyuma yao. Na kwa kuwa kwenda mwezini hakutaki pasipoti, kunataka mafunzo tu, na dada yangu hereni yake ya mafunzo anayo sikioni, akauinua utepe akapita.

Shomvi naye akataka kupita. Bwana Mwaisumo akamzuia, akambana hereni moja ya njano. Kisha Mama. Kisha Bi Kidawa, ambaye alipiga kelele hadi bendi ikakosa mdundo, lakini alikuwa ameacha viatu vya kubadilisha ukumbini na ukumbi sasa uko mwezini. Tukatoka wote. Dada mbele na mume wake, wanatembea ule mwendo wa kughairi kwa sababu ya gauni, tarumbeta limewazunguka wote wawili, halafu sisi. Alikuwa anacheka na kulia. Nikakumbuka nisimwangalie.

*

Rais alipopiga tena akaelezwa, alifurahi sana. Mkoa mzima mwezini, wazee kwa watoto, bila roketi hata moja! Nchi zilizoendelea zimepeleka watu wachache wa kuhesabika, sisi tumepeleka na mbuzi. Waziri Nyamwihula akapewa udaktari wa pili, na mikoa mingine ikaambiwa ije ijifunze kwetu. Mpaka naandika hapa, nchi karibu nzima imeshahamia mwezini. Iliyobaki Dunia ni ikulu, wizara, na nyumba ya Mheshimiwa Mwinyikondo, ambaye alitangaza mwezi usipite kwake kwa sababu za kiusalama.

Dada na Shomvi wamepanga chumba nyuma ya soko, wako vizuri. Bi Kidawa anakwenda kila Ijumaa kuonja mboga na kusema imezidi chumvi.

Tatizo limekuja juzi. Bomba letu limekauka. Mama akachukua ndoo akaenda ofisi ya maji, na mimi nikamfuata. Pale dirishani alikuwepo kijana mmoja msafi, mpole, ana tai.

"Mwanangu, mbona maji hayatoki?"

"Mama, mwezini hakuna maji," akasema yule kijana. "Hilo ni la kisayansi. Na barabarani yale mashimo msiyalalamikie, mwezi una mashimo yake tangu zamani."

"Na hili giza, umeme hauwaki?"

"Mwezi una upande wa giza, Mama. Nyie ndio mko huko."

Mama akahamishia ndoo mkono wa pili.

"Sasa mbona kwa Mkuu wa Mkoa maji yanatoka? Jana nimemwona mtu anamwagilia nyasi."

"Mama, kwa Mkuu wa Mkoa ni Duniani."

Mama akashusha ndoo, akajifunga khanga upya kiunoni, akaibana sawasawa.

"Haya. Na Duniani ni njia gani?"

Kijana akatoa mkono dirishani akamwonyesha. "Fuata ukuta huo mpaka mwisho, geti jeusi. Ila kuna mbwa."

Mama akaokota fimbo, akajitwisha ndoo yake tupu, akaenda zake Duniani.